Mizinga ya Baba Joakim

Benchi la kijiwe cha Emiliana, pale Mbamba Bay njia ya bandarini, lilikuwa la kanisa. Waanglikana walilitupa mchwa walipokula mguu mmoja, Wakatoliki wakaliokota, wakaweka jiwe penye mguu, na tangu hapo linakaliwa na watu wasiokanyaga kanisa lolote mpaka kuwe na msiba. Kahawa ni ya Mbinga, chungu, na wanywaji ni wanaume waliokwisha kukosana na kazi. Jioni ile mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya maji, ng'ambo haionekani, na Cleopa, tunayemwita Baba Joakim, alikaa upande wa jiwe akiwa ameshika kwa mikono miwili simu yenye kioo kilichopasuka.

Ndani ya simu mlikuwa na mji. Ni mchezo wa vita: unajenga maghala, visima vya mafuta na kambi, kisha watu usiowajua wanakuja na ndege kukubomolea na kubeba mali. Mji ule haukuwa wa Cleopa. Aliujenga mwanawe Joakim, kabla hajavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta vito. Aliondoka bila kuaga, simu ya zamani akaiacha kabatini. Namba aliyokwenda nayo haipatikani. Mwaka wa pili sasa, hakuna salamu, hakuna aliyemwona, isipokuwa jambo moja: kila jioni, watu wakianza kuwasha taa, ndege zilikuja juu ya mji ule, na mchezo ukaandika, "Mbasa Mkavu amekushambulia." Mbasa ni samaki wa ziwa letu. Mbasa Mkavu ni jina ambalo marehemu mama yake alimwita Joakim kwa wembamba wake, na halikuwahi kutoka nje ya nyumba ile. Basi Cleopa, na uzee wake, akajifunza kucheza. Akautunza mji ili uwe na kitu cha kuibiwa. Hakumwambia mtu. Mtu anayekutupia mabomu leo jioni hajafa, na hilo lilimtosha.

Ila tangu Jumapili ndege hazikuja. Wenye mchezo walileta toleo jipya, na katika toleo hilo mizinga ya kutungulia ndege imepewa nguvu kupita kiasi. Zikija ndege tano, hairudi hata moja. Nani atajisumbua?

— Baba Joakim, hiyo simu utaitia mimba kwa kuitazama, — alisema Raimundi. Huyu anaitwa Kanali. Jeshi alilopitia ni kulinda magunia ya kahawa ghalani Mbinga, na bunduki aliyopewa haikuwa na risasi.

— Kanali, nikuulize. Mtu akitaka mizinga itungue ndege mbili, nyingine zipite, anaipangaje?

— Zipite ziende wapi?

— Zibebe mali, zirudi kwao.

— Emiliana, leo kahawa umetia nini?

— Nimetia kahawa, — alijibu Emiliana. — Ndiyo maana hamuitambui.

— Ing'oe yote basi, — alisema Isidori. Huyu ni Mmatengo wa Namswea, aliteremka ziwani kuuza maharage, akapata mke, hakupanda tena. Anaitwa Ngoro, maana hakuna jambo duniani asilolitatua kwa mashimo ya ngoro wanayolimia milimani kwao.

— Nikiing'oa yote, mji unateketea. Ukiteketea, mchezo unaufunika kwa ngao, wiki nzima haingii mtu.

— Si ndiyo raha hiyo? Unalala.

— Sitaki kulala.

Walitazamana. Kanali akasogeza kikombe, dalili kwamba hotuba inakuja.

— Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Maana yake mzinga unauficha bondeni. Ndege ikiinama kuutafuta, unaipiga tumboni.

— Wahenga gani walikuwa na ndege? — Emiliana aliuliza.

— Ungo wa mchawi ni nini kama si ndege? Nchi hii ilijaa ndege kabla ya Mzungu, na watu walijikinga kwa kuzindika nyumba. Hao wenye mchezo wametuibia. Hilo toleo jipya ni zindiko tu, limetiwa rangi.

— Kanali, wewe ungerogwa kidogo ungepata akili.

— Msikilizeni mkulima, — alidakia Ngoro. — Kwetu mvua ikija kwa hasira, ngoro zinaipokea kidogokidogo. Hii ikijaa inaimwagia ile, udongo unabaki. Mizinga ipange hivyo hivyo, shimo kwa shimo. Ndege inakuja na hasira, hasira inaishia njiani. Na risasi zilizokosa zinaangukia shimoni, kesho unaziokota unapiga tena.

— Na maharage unapanda?

— Kwenye matuta. Askari watakula nini?

Wenzake walicheka. Cleopa hakucheka. Kuipokea kidogokidogo: ndicho alichokuwa anakitafuta tangu Jumapili, mizinga itakayompokea mtu bila kumfukuza, na ilibidi akisikie kwa Ngoro.

— Mashimo, mashimo! — Kanali aliinuka. — Lete hapa hiyo simu. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Methali ile ilimpata Cleopa chini ya mbavu, akapoteza pumzi kidogo, na hiyo pumzi ilimtosha Kanali kuinyakua simu. Kidole chake kilifanya kazi ambayo mwili wake haujapata kuifanya. Mafuta yote ya ghalani, chuma chote, vikaenda kwenye mizinga, ile mikubwa kuliko yote, kila kona na kila paa, mpaka mji ukasimama miiba kama nungunungu.

Simu ikalia. Kioo kikawa chekundu.

— Haya! Adui huyo! — Kanali alipiga kelele. — Ndege moja tu, mbwa huyu!

Cleopa aliinamia kioo. Mbasa Mkavu. Ndege moja, si tano: ya kuonja, kama mtu anayechungulia mlango aliokwisha kufungiwa.

— Izime! Kanali, zima mizinga!

— Haizimwi. Vita si jiko la mkaa.

Mizinga yote ilifunguka. Ndege haikufika hata ghalani. Ilipasuka juu ya ukuta wa kwanza, ikawa moshi, moshi ukaisha. Ngoro alipiga makofi. Kanali akasimama wima akapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

— Mkuki kwa nguruwe!

— Ni Joakim, — alisema Cleopa.

— Nani?

— Mwenye ndege. Ni mwanangu.

Akawaeleza, kwa maneno machache, akitazama chini. Habari ya kabati, ya jina, ya jioni. Alipomaliza, Emiliana aliweka birika chini akaketi kwenye benchi, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya kazini.

— Kumbe unajua yuko hai, — alisema, — na sisi hapa kila mwezi tunakupa pole.

— Nilijua mpaka Jumapili. Na sasa hivi kidogo.

Kanali alirudisha simu kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza hakuwa na wahenga.

— Si umwandikie humohumo? — aliuliza Emiliana.

— Adui haandikiwi. Mchezo hauruhusu.

— Basi tung'oe mizinga, — alisema Kanali. — Nusu. Hapana, robo. Tumwachie upande wa ziwa, aingie na atoke.

— Akiona upande mmoja mtupu atasema ni mtego, — alisema Ngoro. — Mimi ningefikiri mtego. Labda hata anadhani simu iliuzwa, kakaa mgeni mle. — Akajikuna shingo, halafu akainuka kama aliyeumwa na siafu. — Herufi! Baba Joakim, kuta unaweza kuzijenga popote?

— Popote.

— Na rubani anaona kutoka juu. Andika kwa kuta! Katikati ya mji, herufi kubwa: BABA. Akija kuchungulia tena, anasoma.

Hakuna aliyecheka. Kanali alisema Ngoro hajapata kutoa wazo lisilo na shimo, na hili ni la kwanza. Emiliana akauliza kuta ni bei gani, akaambiwa si fedha za kweli, akasema basi jenga, unangoja nini. Cleopa alikuwa ameshaanza. Ukuta ukapinda, akaubomoa akaujenga upya. B ikasimama, nene, imeegemea upande.

Kando ya birika alikuwa amesimama mwanamke wa Tingi, Rosina, aliyekuja kununua dagaa na sasa anangoja gari la kupanda nalo milimani. Alikuwa amefika wakati wa makofi, akasema "Shikamooni," hakuna aliyemwitikia, akasimama akisikiliza na kikombe mkononi.

— Samahani, wazee wangu, — alisema. — Na akishajua ni baba yake aliyemo, ataendelea kuja?

Emiliana alichukua birika akamimina, ikatoka mashapo matupu, akalirudisha chini bila kusema kahawa imekwisha, kwa sababu ilionekana.

Gari la Rosina likapiga honi. Akaweka kikombe, akasema kwaherini, akaenda na ndoo yake.

Cleopa alianza kung'oa mizinga, mmoja mmoja, mpaka ikabaki michache, kila mmoja mbali na mwenzake. Halafu akabaki na ile herufi moja mbele yake. Kwa mtu anayepita juu kwa haraka ingeweza kuwa zizi la mbuzi tu. Hakuibomoa, wala hakuongeza ya pili.