Suruali ya Bwana Harusi

BIBI FUNDI: (cherehani: krrr-krrr-krrr, kisha inasimama) Haloo? Nani huyo, jua hata halijatoka?

MAMA MLEZI: Shikamoo, mama. Ni mimi... mama wa mtoto. Yaani, mama mlezi. Yaani—

BIBI FUNDI: Marahaba, mwanangu. Mama ni mama. Mbona nasikia king'ora?

MAMA MLEZI: Si king'ora. Ndiye yeye.

BIBI FUNDI: Mjukuu wangu? Nisamehe. Tulikubaliana nisimwite hivyo, wala nisije huko—

MAMA MLEZI: Achana na hayo! Tangu binti yako atukabidhi mtoto hatujalala. Tumemnunulia kitanda kinachojibembeza chenyewe. Taa za nyota. Sasa mume wangu anamwimbia wimbo wa taifa.

BIBI FUNDI: Wa taifa?

MAMA MLEZI: Ndio pekee anaoujua mpaka mwisho. Mtoto analia, mlinzi kule getini kasimama wima!

BIBI FUNDI: (anacheka) Maskini! Ngoja nishone huku tukiongea, bwana harusi anaifuata suruali yake asubuhi. (krrr-krrr) Ameshiba?

MAMA MLEZI: Ameshiba, amebadilishwa nepi, ame— Mama?

BIBI FUNDI: Naam?

MAMA MLEZI: Amenyamaza.

BIBI FUNDI: Afadhali! (cherehani inasimama)

MAMA MLEZI: Kaanza tena! Umefanya nini?

BIBI FUNDI: Nimeacha kushona tu, nikusikie—

MAMA MLEZI: Shona! Shona, mama!

BIBI FUNDI: (krrr-krrr-krrr) Kumbe! Binti yangu na tumbo lake alikuwa akijilaza hapa, chini ya meza ya cherehani. Miezi yote ile.

MAMA MLEZI: Kafumba macho... Mume wangu anasema leo leo tunanunua cherehani. Ya umeme, ya kisasa, isiyo na kelele.

BIBI FUNDI: Isiyo na nini?

MAMA MLEZI: (kwa mumewe) Baba, nenda kalale.

BIBI FUNDI: Usimcheke, anajitahidi. (krrr-krrr) Mtoto amenenepa?

MAMA MLEZI: Mashavu yamemeza shingo.

BIBI FUNDI: Basi. Siulizi zaidi.

MAMA MLEZI: Mama... siku ile mlipomleta, ulipitishwa mlango wa jikoni.

BIBI FUNDI: Mpishi wenu alinipa kiti. Akanimiminia chai, akaipoza mwenyewe kwa vikombe viwili. Sijamsahau.

MAMA MLEZI: Mimi nilikuwa juu, dirishani. Niliogopa kushuka. Niliogopa mtoto akikusikia tu, atakutaka wewe.

BIBI FUNDI: (krrr... krrr...) Haya, nimekusikia, mwanangu. Mikono yake ikikushika shingo, hatamtaka mwing— Uwi! Uwiii!

MAMA MLEZI: Nini tena?

BIBI FUNDI: Nimeishona miguu ya suruali pamoja! Yote miwili! Bwana harusi ataingia ukumbini akirukaruka kama chura!

MAMA MLEZI: (anacheka kwa kunong'ona) Usinichekeshe, nitamwamsha!

BIBI FUNDI: Na simu hii inaishiwa chaji, inalia tii-tii—

MAMA MLEZI: Njoo na suruali, tuifumue wote! Nakutumia gari sasa hivi. Njoo na cherehani!

BIBI FUNDI: Nzito hiyo, mwanangu—

MAMA MLEZI: Mume wangu ataibeba mwenyewe. Mlango wa mbele, umesikia? Na leo isiwe mwisho. Kesho uje tena. Haloo? Bibi yake? Uje tena—