Siku Kyebando Waliposema Hawanijui

Urudisheni mlango kidogo, ila msiufunge kabisa. Mlango uliofungwa mchana kweupe huleta maswali, na maswali ya siku hizi nyote mnayajua. Na redio iacheni hapohapo dirishani. Wapita njia wasikie muziki, sisi tusali na kusikizana humu ndani.

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo peke yake latosha kumshukuru Mungu. Nitasema yaliyonipata, lakini sitamtaja mtu kwa jina. Nikisema jirani fulani, nanyi mkamjua, kaeni na ujuzi wenu moyoni. Msigeuze shingo kumtazama.

Mimi mnanijua. Ni yule Mkongo wa vitenge pale soko la Owino, mwenye kelele nyingi. Nchi yetu siku hizi inaitwa Zaire, lakini mkiniita Mkongo naitika, sina kinyongo. Baba yake Furaha alipofariki nilibaki hapa Kyebando na mtoto wangu mmoja. Ndipo sukari ikapotea madukani, maziwa yakapotea, halafu ikaja ile mizinga na milio ya risasi tuliyoizoea kama mvua. Nikaona mtoto asikulie kwenye hofu hii. Nikampeleka kwetu Beni, ng'ambo ya mpaka, kwa mama yangu, nikamwambia, kaa na bibi, nitakuja kukuchukua mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Nanyi mmeona.

Basi siku moja dereva wa lori la kahawa akanifuata mezani kwangu sokoni. Hakununua kitu. Alivua kofia, nami nilipoona kofia imevuliwa nikajua kuna msiba. Mama yangu alikuwa amefariki na ameshazikwa. Furaha amechukuliwa na majirani wa bibi yake, watu wema kabisa, lakini watu hao wanahamia Kisangani mvua zikianza, na hawawezi kumwacha mtoto peke yake. Watakwenda naye. Dereva akasema, Mama Furaha, kama unamtaka mtoto, nenda sasa. Kisangani si hapo Nakawa. Mtoto akivukishwa misitu ile, utamtafuta wapi?

Nawaambia, nilikunja vitenge vyangu bila kujua ninavikunja vipi. Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa pasipoti. Muda wake ulikuwa umekwisha.

Mtasema, si ungepita njia za magendo, milimani, kama wengine? Nililiwaza. Lakini mnamkumbuka yule mwenzetu aliyepita huko na magunia yake ya chumvi. Nani amemwona tena? Tena kwenda peke yako ni jambo moja, kurudi na mtoto mkononi huna karatasi hata moja ni jambo jingine. Nilitaka kupita daraja la mpakani kama mtu.

Nikaenda ubalozini kwetu. Pale karani aliniambia kwa upole kwamba nyumbani amri imetoka: majina ya Kizungu yamefutwa, kila mtu atumie jina la babu zake. Mimi pasipoti yangu ya zamani ilisema Marta. Marta ni jina nililobatizwa, nikiwa nimevaa gauni jeupe aliloshona mama yangu huyo aliyekufa. Karani akaniuliza, kwenu walikuitaje? Nikasema Kahindo. Kwetu msichana akizaliwa baada ya mvulana, huyo ni Kahindo, hakuna kuuliza. Akaandika Kahindo na jina la baba yangu, na Furaha akamwandika humohumo chini yangu; Marta akabaki nje.

Moyo uliniuma, nisiwafiche. Nilikwenda kwa mzee wetu wa kanisa nikalia, nikamwuliza kama nimemkana Mungu. Mzee akanipa kiti. Akasema, "Mwanangu, Mungu hasomi pasipoti. Nenda ukamlete mtoto."

Pasipoti mpya nikaipata. Nikafikiri shida imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inavaa viatu. Maana kibali changu cha kukaa hapa Kampala kiliandikwa Marta, na pasipoti sasa inasema Kahindo. Ukikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani una majina mawili, wewe si mama wa vitenge tena, wewe ni jasusi. Ikabidi niende kwenye ile ofisi ya wageni, nisiyoitaja, wanigongee muhuri kibali kifuate jina jipya. Wakachukua pasipoti yangu. Wakaniuliza ninakaa wapi, nikawaambia. Wakasema mtu wao atakuja kuhakikisha, halafu nirudi.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mtu huyo alikuja siku ya kazi, mimi niko Owino. Shati la maua, suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu, miwani myeusi. Mnaijua sare hiyo ingawa haiitwi sare. Akasimama pale njia panda akamwuliza mwenye duka, Kahindo anakaa wapi? Mwenye duka akasema yeye anauza chumvi tu, na chumvi yenyewe haipo. Akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akichota maji. Mama akasema, hapana ssebo, hapana bwana, jina hilo sijalisikia. Akafika hadi kwenye baraza ya mwenye nyumba wangu, mzee wa watu anachambua maharagwe. Mzee akasema hamjui mtu huyo, na maharagwe akaendelea kuchambua.

Mnacheka. Haya, chekeni, nami nacheka leo. Hawakudanganya. Hapa Kyebando mimi ni Mama Furaha, basi. Nani angejua habari za Kahindo? Na hata wangejua, siku hizi mtu wa miwani myeusi akiuliza habari za mtu, jibu ni moja: simjui. Mimi mwenyewe ningejibu hivyohivyo. Ndiyo namna yetu ya kulindana.

Jioni narudi, mwenye nyumba ananiambia kwa sauti ya chini kwamba leo wamekuja kutafuta mtu, lakini Kyebando nzima imesimama imara, hakuna aliyefungua mdomo. Nikamwuliza nani anatafutwa. Akasema jina lenyewe halikumkaa kichwani. Nami nikainua mikono nikamshukuru Mungu kwa ajili ya huyo maskini aliyeponyoka. Nilijiombea mwenyewe bila kujijua.

Siku ya kurudi ofisini nilisindikizwa na jirani yangu. Huyu ni mke wa askari, mtu wa kaskazini, Mwislamu, na leo amekubali kukaa nasi humu. Nimesema msigeuke. Yeye akabaki nje kwenye ngazi, mimi nikaingia na gauni langu la kanisani, nikijua nakwenda kupewa muhuri.

Afande wa ofisi ile alikuwa ameweka pasipoti yangu mbele yake, na hakuniambia nikae. Aliniangalia kwanza. Akasema, "Watu ya Kyebando wanasema hawajui wewe. Wewe nani kabisa?"

Nikajieleza, kwamba nakwenda Zaire kumchukua mtoto wangu. Nikasema mimi ni Kahindo, lakini pia ni Marta, ila wao wananiita Mama Furaha, na kadiri nilivyoongeza jina ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Nilikuwa najizika kwa mdomo wangu. Akanyoosha kidole kwenye benchi lililo karibu na mlango wa nyuma, akasema, "Kaa pale. Jioni gari inakuja."

Gari hizo mnazijua. Anayepandishwa nyuma harudi kutueleza safari.

Nilikaa. Sikuomba maombi marefu, niwe mkweli, maneno yalikataa. Nilikuwa nawaza mvua tu. Nilitazama dirishani, nikaona mawingu yanakusanyika upande wa ziwani, Port Bell, nikawaza hata Beni mawingu yanakusanyika, na watu wale wanafunga mizigo yao, na mtoto wangu amevalishwa sweta anaambiwa twende. Nikaona nitakufa, naye atakua akijua mama yake alimwacha tu. Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi.

Jirani yangu aliponiona nachelewa alichungulia. Nikamtikisia kichwa. Akapita mlangoni kama anayetafuta choo, akaniinamia, nikamnong'oneza kwamba wamesema Kyebando hainijui. Akaniambia, "Wewe kaa. Mimi naenda leta watu." Hakutumia jina la mume wake, maana siku hizi hata askari anamwogopa askari. Alikwenda kwa miguu yake.

Ndugu zangu, nani siku hizi anaitwa aende ofisi ile kwa hiari yake, akaenda? Mtu akiona jengo lile anavuka barabara. Mimi pale benchini sikumtarajia mtu. Nilijiambia watakaa majumbani, nami sitawalaumu.

Jua lilikuwa limeinama niliposikia miguu kwenye ngazi. Nikadhani ni wenye gari. Kumbe ni mwenye duka, na mama wa maji akiwa na mtoto mgongoni, na mzee wa kanisa, na nyuma kabisa mwenye nyumba wangu na fimbo yake, anahema. Jirani yangu ametangulia mbele, kitambaa amefunga kichwani kama anayekwenda kulima.

Afande akawauliza, huyu ni nani? Wote wakajibu pamoja, Mama Furaha. Akapiga meza, akataka jina lenyewe. Mzee wa kanisa akasema anaitwa Marta. Nikafumba macho. Afande akasema, unaona, jina la tatu.

Hapo jirani yangu akasogea. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Afande, mama yako kule kijijini, watu wanamwita jina gani?"

Nilijua sasa tumekwisha, sote tutapanda gari moja. Afande alimtazama, akatazama pasipoti, kisha akasema polepole jina ambalo sitalitaja, lakini lilianza na Mama, na mwisho wake ulikuwa jina lake mwenyewe.

Msidhani aliyeyuka. Mtu wa ofisi ile hayeyuki. Akavuta karatasi tupu akaiweka mezani, akasema vizuri, anayesema anamjua huyu mwanamke aweke kidole gumba hapa. Akienda Zaire asiporudi, au akionekana ni mtu mbaya, gari itakuja Kyebando, na itaanza na vidole hivi.

Hakuna aliyesogea. Mama wa maji alimshika mtoto wake mgongoni. Mwenye duka alitazama viatu vyake. Sikuwalaumu wakati ule, siwalaumu leo, kila mmoja ana watu wake nyumbani. Nilitaka hata kuwaambia, nendeni, imetosha.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mwenye nyumba wangu alisogea mezani, akakipaka kidole wino. Akasema, "Mtu wenu aliniuliza, nikasema simjui. Leo nasema namjua. Amekaa kwangu, mume wake nilimzika mimi."

Akaweka kidole. Baada yake jirani yangu. Baada yake mzee wa kanisa, kisha mwenye duka, na mama wa maji mwisho kabisa, akilia. Afande akagonga muhuri, akanisukumia pasipoti yangu bila kunitazama.

Tulitoka nje, tukapita soko. Kisha mwenye nyumba akaniuliza, kwa hasira kabisa, "Hilo Kahindo ulikuwa umeliweka wapi siku zote?" Tukacheka katikati ya barabara hadi watu wakatushangaa, na nilikuwa nalia humohumo.

Kesho yake nikapanda basi la Kasese. Darajani Mpondwe, mpakani, askari aligeuza kurasa za pasipoti mbele na nyuma. Akanirudishia. Nikavuka. Nilipofika Beni matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, na nje ya nyumba ya majirani wale mizigo ilikuwa imeshafungwa kamba. Mwanamke mmoja akaniona toka mbali, akapiga kelele, Kahindo amekuja! Na mtaa wote ukaitikia, Kahindo, Kahindo. Jina lililotaka kuniua huku, kule lilinipokea. Na katikati ya miguu ya watu akatokea mtoto na sweta lake.

Huyo hapo, amelala kwenye mapaja ya jirani yangu. Sasa mnaweza kugeuka.

Nawashukuru. Sitawataja, vidole vyao viko kwenye karatasi ile hadi leo, na kila gari likipunguza mwendo njia panda pale, najua watu watano wanashtuka kwa ajili yangu. Deni hilo sililipi kwa vitenge. Nalilipa kwa kukaa hapa, nionekane kila siku, nisiwaponze. Waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki walikuwa wanasema habari za watu hawa.

Nami nina neno moja la kuwaachia. Tumejifunza kusema simjui, na kusema hivyo kumeokoa wengi. Endeleeni. Lakini simjui ya kumlinda mtu inakutaka kwanza umjue. Siku itakayokuja ya kusimama mbele ya meza ukasema namjua, utasema unamjua nani, kama hata jina lake hukuwahi kumwuliza?

Kwa hiyo kabla hatujafunga kwa sala, naomba kila mmoja amgeukie aliyekaa karibu naye. Kwa sauti ya chini, redio isitushinde, mwambie jina lako lote, ulilopewa nyumbani na ulilobatizwa, na aliyekuzaa. Mwenzako alirudie hadi alishike.

Naanza mimi. Kahindo. Marta. Mama Furaha. Rudieni.