Kwa Nini Barabara ya Kambini Ilipinda

Baraza letu pale Mkuyuni ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, kando ya duka la ushirika, na Mzee Mwinshehe huwa hapo na birika lake la kahawa tangu watu warudi kutoka shamba la kijiji hadi jua lipungue. Mwaka ule, wa tatu tangu tuhamie vijijini, Serikali ilikuwa ikiinua barabara ya kutoka Kisaki kwenda kambi ya wageni huko porini, barabara ambayo kila masika ilizama. Kambi yenyewe, iliyokuwa bondeni, ilikuwa ikihamishiwa kilimani. Nami nilikuwa na mtu wangu kwenye kilima hicho. Mwanangu Benedikto alikuwa kibarua wa kambi. Mto Mgeta ulimchukua akivusha wageni, na barabara ilikuwa imekatika mbele na nyuma, kwa hiyo hatukuweza kumleta kumzika katika ardhi ya ukoo wa mama yake, kama tutakavyo sisi Waluguru. Wenzake walimzika huko huko kilimani. Nilimwachia Mungu. Lakini niliposikia kambi inakwenda kilimani, nilianza kukaa kwenye ubao ule kila siku, nikingoja mtu wa kuniambia kama kaburi lipo, au greda limepita juu yake.

Wenzangu walijua ninachongoja. Ndiyo maana walisema sana, nisibaki na mawazo. Kondo, ambaye tunamwita Redio, ndiye aliyeanza siku hiyo.

Redio: Habari ndiyo hii. Dereva wa lori kasema barabara imenyooka toka mtoni kama uzi. Ikifika kilimani, inapinda.

Stefano fundi baiskeli, ambaye kwa ajili ya kazi hiyo tunamwita Injinia, aliweka kikombe chini.

Injinia: Inapinda kwa nini?

Redio: Hakusema. Alikuwa na haraka zake.

Injinia: Basi niulizeni mimi. Maji hayapendi kona. Yakija kwa kasi, yakakuta kona, yanakata tamaa yanarudi Mgeta. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na barabara nayo hukunjwa udongo ungali mbichi.

Mtani: Mbona baiskeli yangu uliikunja ikiwa kavu kabisa?

Huyu Mtani ni Mnyamwezi aliyebaki huku tangu enzi za kukata mkonge. Wanyamwezi na sisi ni watani, hatumkasirikii. Siku ya matanga ya Benedikto alikaa mlangoni kwangu akanitukana mpaka nikala.

Redio: Hapana, bwana we. Ni tembo. Tembo wana njia yao ya mababu. Ukiwazibia, wanakwenda kushitaki.

Mwinshehe: Kushitaki wapi?

Redio: Kwa balozi wao wa nyumba kumi! Unadhani wanyama hawajajipanga?

Injinia: Sikilizeni wataalamu. Wazungu wale wanakuja kupiga picha. Barabara ikinyooka, picha haitoki, inakimbia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ndiyo maana wanakuja wamevaa kaptula.

Mtani: Ninyi hamjui kitu. Yale makalavati waliyozika chini ya tuta, mnadhani ni ya kutoa maji? Ni ya kuleta! Wanaivuta bahari ipande mpaka Mkuyuni. Kilimo cha kufa na kupona tumeshakionja, sasa utakuja uvuvi wa kufa na kupona.

Redio: Acha fiksi, mzee!

Mtani: Fiksi? Bandu bandu huisha gogo. Mwakani mtani wangu huyu atavua papa hapa, rozari shingoni.

Nilicheka kidogo, maana ilikuwa haki yake. Kisha Mtani akanisogezea kikombe, akasema kwa sauti ya chini:

Mtani: Kunywa, Mluguru. Kaburi halipimwi kwa maneno ya dereva.

Ndipo lori la kifusi likasimama mbele ya duka. Akashuka mama mmoja mwenye kapu, akatuamkia sote. Alisema anaitwa Eufrazia, ni mpishi wa wajenzi wa barabara, amekuja kutafuta vitunguu. Redio hakumpa nafasi hata ya kushusha kapu.

Redio: Dada, tukate ubishi. Barabara imepindaje pale kilimani?

Eufrazia: Kuna kaburi. Greda lilikuwa linapanda, mwendeshaji akaona msalaba, na kikombe cha bati kimefunikwa juu ya mawe. Akazima mashine. Msimamizi wetu ni Mwislamu, alikuja akautazama msalaba, akasema pita kando. Mahema nayo wameyasogeza.

Niliinamisha kichwa. Nilimshukuru Mungu polepole, sikutaka kuharakisha. Kile kikombe nilikijua, mwanangu aliondoka nacho nyumbani.

Eufrazia: Wamelijengea na mtaro, maji yasilifikie. Sisi tunamwita Babu. Kuzikwa juu vile peke yake, ni nani kama si mzee wa watu? Asubuhi kila mtu akipita anavua kofia: shikamoo, babu. Hata mwendeshaji wa greda, na mvi zake.

Mama yule akatutazama mmoja mmoja.

Eufrazia: Ninyi si wenyeji wa njia hii? Hivi, babu yule aliacha wajukuu wangapi?

Mwinshehe akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Mwishowe Mtani akasema:

Mtani: Mama, yule alikufa hajaoa. Baba yake ndiye huyu hapa.

Eufrazia akashika mdomo.

Eufrazia: Tusamehe, baba. Hatukujua. Niwaambie waache?

Mimi: Wasiache, mwanangu. Alikufa bado yeye ndiye wa kuamkia watu. Uzee huo hakuupata kwangu. Kama Mungu ameona ampe barabarani, nani azuie?

Dereva akapiga honi. Eufrazia alisema mbele kuna nafasi ya mtu mmoja, na kwa kuwa tuta limeinuliwa, jioni tungekuwa tumefika. Niliinuka. Mtani akanishika mkono kunipandisha.

Mtani: Ukifika, Mluguru, uvue kofia. Mwanao amekuzidi umri.