Ndoo za Vedasto na Bahasha Aliyoirudisha

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Vedasto Barampama, fundi wa asali wa hapa Chemchem. Alizikwa Jumanne, Kigwa. Narudia: Kigwa, Jumanne iliyopita.

Alikuja Tabora miaka tisa iliyopita, akiwakimbia watu waliomuua kaka yake huko Burundi. Hapa akajifunza asali. Aliinua ndoo ya lita ishirini na kukuambia, bila mzani, kama umetiliwa maji. Akamwoa Veneranda, binti wa Kigwa, wakazaa watoto, wa kwanza Alois.

Bosi wake aliitwa Lugembe. Likumbukeni jina hilo. Lugembe alikuwa mcheshi kweli kweli, nami mtu anayemchekea kila mtu sokoni humtazama mara mbili. Asubuhi moja alimpa Vedasto ndoo tatu zilizokwisha kuzibwa kwa nta, azipeleke Igunga kwa basi. Vedasto akainua moja. Nyepesi!

"Bosi, hii siyo asali."

"Ni nta hiyo, mdogo wangu. We peleka tu."

Hakufungua. Kwa watu wa asali, ndoo aliyoiziba mwenzako huigusi kifuniko. Kuifungua ni kumwita mwizi. Na mgeni asiye na karatasi atamwitaje bosi wake mwizi? Kwenye kizuizi cha barabarani, karibu na Igunga, askari ndio waliofungua. Magamba ya kakakuona, nyara za serikali. Ndoo tatu, zote magamba. Simu ya Lugembe ilizimwa siku hiyo, na mpaka leo imezimwa.

Vedasto alikaa mahabusu miezi kumi na minne. Mahakama ikamwachia: alidanganywa. Lakini kibali cha kuishi nchini hakuwa nacho, akatakiwa kurudishwa Burundi, kwa wale wale aliowakimbia. Akaomba hifadhi. Akaambiwa asubiri barua.

Aliyesubiri, wapendwa, hakuwa Vedasto yule tena. "Baba Alois alikuwa anapekua hata unga niliotoka nao mashineni," anasema Veneranda. "Mimi mkewe! Niligomba, nikalia." Majirani nao walimtupia jicho la pembeni. Wao wakimshuku, yeye akiwashuku.

Mwezi uliopita, mtu wa pikipiki alileta bahasha. Imegundishwa, ina muhuri. Akacheka, akasema, "Saini hapa tu, mzee."

Kucheka kule! Vedasto akaipima bahasha mkononi, akairudisha. "Sipokei kitu kilichofungwa."

Aliamini ni amri ya kumfukuza. Siku hiyo hiyo akaingia msituni Kigwa, kwenye mizinga yake. Mvua ikampiga, homa ikampata. Veneranda alimfuata, akamsihi waende zahanati. "Watakuwa wananisubiri mlangoni," alimjibu. Siku ya tisa akafariki.

Bahasha ililetwa tena, msibani. Veneranda akaifungua mbele ya watu. Ombi lilikuwa limekubaliwa. Vedasto asirudishwe. Nasema tena, na inaniuma kusema: alikuwa amekubaliwa.

"Mume wangu alidanganywa mara moja," Veneranda aliniambia. "Mara ya pili hakuna aliyemdanganya."

Mama Alois, pole sana, wewe na wanao. Poleni watu wa Kigwa. Sisi wa Chemchem tujiulize tulimtazama mgeni wetu kwa macho gani. Na ukimtuma mtu mzigo wako, mfungulie kwanza aone kilichomo.

Nawe Lugembe, redio hii inafika mbali, na sidhani kama umeizima. Vedasto amezikwa. Washa simu.