Mama Nthenya Kitonga, Aliyetengeneza Mimbari ya Kigango Chetu

Marehemu Mama Nthenya Kitonga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kithimani, Yatta, akiwa binti wa kwanza wa marehemu Mzee Mutiso na marehemu Mama Ndila. Mimi ninayesoma, Muindi, ni mdogo wake. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Alisoma shule ya msingi ya hapo nyumbani hadi darasa la saba, mwaka 1971. Alitamani kujifunza useremala, lakini baba alisema hiyo si kazi ya msichana, akapelekwa kushona nguo. Mimi nilipofika umri huo nilipelekwa useremala bila hata kuomba.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Bwana Aloys Kitonga wa hapa Mumbuni, na Mungu akawajalia watoto watatu. Siku moja kitanda cha kifungua mimba wao kilivunjika. Dada akaja kwangu kuazima msumeno na randa, akakitengeneza mwenyewe. Hakuacha tena. Bwana Kitonga alimjengea kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, na humo zikatoka stuli, kabati na meza za wengi wenu mlioketi hapa. Mbao zake alizipanga juu ya mawe, akaweka vijiti katikati ili hewa ipite, na hakuzigusa hadi zikauke. Nikimharakisha aliniambia, "Mbao mbichi itakuaibisha mbele ya watu, Muindi. Ngoja."

Sasa nimefika mahali ninapoona aibu. Mwaka 2004 nilikuwa na karakana mjini, na kigango chetu kikaniagiza mimbari. Sikungoja. Mbao zilipinda, viungo vikaachana, na zilikuwa zimebaki wiki tano tu kanisa libarikiwe. Nilikuja hapa kwake nikalia. Dada aliifanya kazi yote upya, kwa mbao za grevilea zilizokauka vizuri, kila ulimi wa ubao ukaingia kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja. Siku ya kubariki, padre aliuliza, "Fundi wetu yuko wapi?" Nilisimama. Mlinipigia makofi, na yeye alipiga pamoja nanyi.

Hayo si yote. Mwaka 2012 parokia ilitafuta mtu wa kufundisha wasichana useremala, naye akaomba. Mwenyekiti wa kamati alimwuliza, "Mama, ni kazi gani yako tunayoijua?" Akaniangalia. Nilikuwa mwanakamati. Niliinamia karatasi zangu. Akasema, "Basi, asanteni," akachukua kiondo chake akatoka. Jumapili iliyofuata alinikaribisha chakula cha muthokoi kama kawaida, wala hakutaja jambo hilo.

Juni 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea. Alijifunza kushika msasa kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita alizidiwa, akalazwa hospitalini. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia, "Dada, ile mimbari. Nisamehe."

Alijibu polepole, "Nilishakusamehe. Lakini uwaambie wao, Muindi. Mimi najua ni nani aliyeitengeneza."

Nikamwahidi kwamba Jumapili ningesema. Jumapili ikafika, nikasimama mbele yenu, nikasoma matangazo, nikaketi. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025.

Tulipokuwa tukiandaa wasifu huu, binti yake Nzilani aliniambia, "Mjomba, habari za mama usome zote, ama nisome mimi." Nimesoma zote.

Ameacha mume wake, Bwana Aloys Kitonga, watoto wake Nzilani, Lenny na Munyiva, wajukuu watano, na mimi, mdogo wake, niliyepaswa kusema haya akiwa ameketi kati yenu, akisikia.

Dada, Mungu akupe pumziko la amani.