Damu Yangu Ilivuka Kasindi

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Musifu tena na nguvu, juu huu mwili munaona hapa mbele, wakati wa vita ulikuwa wa kubebwa mu kiti kama mutoto!

Mimi munanijua. Masomo niliachia ku primaire, mais sahani munakulia mu nyumba zenu, karibu zote zilitoka mu magasin yangu! Nilianza na beseni moja ku kichwa kule Kayna, nikafika ku camion, motokari ya mizigo. Basoda, baaskari ba vita, bakaiba camion. Nikanunua ingine! Nani mwingine hapa Butembo alifanya vile? Hakuna!

Kisha mugongo ukaanza kuniuma. Hapana maumivu ya kubeba mizigo, ile ninaijua. Hii ilikuwa ndani ya mifupa. Siku moja nilikohoa tu, mbavu ikavunjika! Nikakonda, nguvu ikaisha, nikawa wa kubebwa mu kiti.

Ndugu zangu, munajua kwetu tajiri akikonda batu banasema nini. Karuho! Sumu ya polepole. Na nani alikuwa anakula na mimi kila siku? Kambale, mudogo wangu, mwenye kulinda magasin. Baba mukubwa akatoka Beni na dawa ya kutapisha. Nilitapika mpaka mikojo ikapunguka. Familia ikakata maneno: Kambale atoke mu parcelle yetu mbele ya siku ya Mungu ya ile juma, ao vijana ba avenue batamuchoma.

Kambale akalia ku miguu yangu, mimi mukubwa wake: "Yaya, nikuuwe, kisha nani atanilisha?"

Bibi yangu, mama ya batoto bangu, akashika kiuno. "Baba Paluku, karuho gani inavunja mbavu? Mbele ya kufukuza mutu, tupime damu!"

Ile ilikuwa sauti ya Mungu, ndugu zangu, mu kinywa cha Mama Paluku! Nikaenda.

Ku laboratoire, docteur akaniambia niangalie mu microscope. Kumbe damu iko na chembe ndogo nyekundu, na zangu zilikuwa zimepandana, moja juu ya ingine.

"Docteur, hizi ni sahani!"

Akacheka. "Ndiyo, commerçant. Kuna proteini imezidi mu damu yako, njo inazishikamanisha. Naona ni ugonjwa wa uboho, ndani ya mifupa. Mais mashini ya kupima ile proteini hatuna. Damu iende Kampala."

Na nani aende? Barabara ya Kasindi, kule ku mupaka wa Uganda, ilikuwa barière ya basoda juu ya barière. Kambale akasimama: "Mimi."

Baba mukubwa akapiga kelele: "Mwenye sumu abebe damu?"

Nikasema: "Abebe! Mwenye kufa ni mimi!"

Tulifunga na kuomba. Kambale akaweka damu mu termosi na barafu. Ku barière soda mumoja mwenye bunduki akaikamata, alifikiri ni chai. Kambale akamwambia: "Kunywa, mukubwa, ni damu ya mugonjwa." Bakamusukuma apite mbiyo! Aleluya!

Akarudi na majibu. Docteur akasoma mbele ya familia yote: ni kansa ya uboho, chembe mbaya ndani ya mifupa zinatengeneza ile proteini. Njo zilikuwa zinakula mifupa yangu. Hapana sumu! Baba mukubwa akavua kofia, akamushika Kambale mukono.

Dawa ya vidonge ilipatikana. Nilimeza, nikaomba, proteini ikashuka. Kiti nikakiacha, nikatembea na miguu yangu mpaka ku kanisa! Mpaka leo ninarudi kupima damu. Docteur anasema ugonjwa umelala, unaweza kuamuka. Uamuke basi, utanikuta na Yesu!

Ndugu yangu, wewe mwenye mutu anakonda mu nyumba yako, usitafute mwenye sumu. Piga magoti, kisha nyoosha mukono bakutoe damu. Tumainia Yesu, Yeye haogope microscope!

Na wewe Kambale, usijifiche kule nyuma. Simama batu bakuone. Huyu njo balitaka kuchoma, ndugu zangu! Mumupigie makofi!