Kizibo cha Nyuma cha Fundi Barakat

Mheshimiwa diwani wa wadi yetu. Ustadhi uliyetusomea dua. Bi Pascalia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Timbwani, pamoja na wenzako. Ndugu mafundi wa Likoni, na nyinyi mliovuka feri kuja kwetu. Majirani, wateja, na watoto mliokaa juu ya matairi: assalamu alaikum. Na wageni wetu wasio Waislamu nawaamkia kwa heshima hiyo hiyo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi naitwa Mwanatabu. Wengi mwanijua kama Mama Salsabil, mke wa marehemu Fundi Barakat, Mungu amrehemu. Nimetoka eda juzi tu, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu tangu tumzike. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo nikipotea katika maneno yangu mnisubiri, nitarudi.

Nimeambiwa niseme machache kuhusu kufunguliwa upya kwa gereji hii, ambayo kuanzia leo itaendeshwa na wifi yangu Jalila, dada mdogo wa marehemu, akishirikiana na Fundi Kimani, aliyefanya kazi na marehemu tangu gereji ilipokuwa turubai na sanduku la spana. Katika ratiba imeandikwa kwamba nikimaliza, Mheshimiwa atagongelea kizibo cha mbele katika ile bloku ya injini iliyo pale mezani, tupige makofi, kisha tule. Mimi pia nilijua itakuwa hivyo. Lakini tangu asubuhi sijui tena ninachojua.

Naomba niwaeleze wasiokuwa mafundi, maana hata mimi nilieleweshwa. Ile bloku ni ya gari la akina mama wa Timbwani, gari linalowapeleka wajawazito hospitali. Marehemu alikuwa akiiunda upya injini yake alipoanguka hapa hapa. Ndani ya chuma kile mna njia nyembamba, imetobolewa moja kwa moja kutoka mbele mpaka nyuma, na oili hupita humo ikalainishe vyuma vinavyozunguka. Fundi huisafisha njia hiyo, kisha huiziba huku na huku kwa vizibo vidogo vya chuma. Kizibo kikishagongelewa na kukazwa kwa panchi, kile chuma chenye ncha kinachoacha vidoa ukingoni, hakitoki kizima. Na kama kitambaa kimesahaulika ndani, au uchafu umeganda, injini itawaka vizuri, itanguruma vizuri, halafu itakufa njiani. Mama ana uchungu wa kuzaa, yumo ndani ya gari, na foleni ya feri iko mbele yake. Ndiyo maana nasema hili si jambo dogo.

Marehemu hakuziba njia ya oili peke yake hata siku moja. Alimwita mtu yeyote aliye karibu, amtake aweke jicho upande mmoja, naye asimame upande wa pili na kuuliza, "Waona mwangaza?" Ukisema naona, ndipo agonge. Lakini sisi watu wa pwani mwatujua. Mkubwa akikuita, waitika kabla hujajua umeitiwa nini. Kijana akiulizwa na fundi, "Waona?" hujibu, "Naam fundi, naona," na mgongo wake bado haujainama. Injini moja ya pikapu ilikufa kwa adabu hiyo. Marehemu alipoifungua alikuta donge la gundi ya gaskiti limeziba njia, akamfuata aliyetazama.

"Si ulisema waona?"

"Niliona haya kukwambia sioni, fundi."

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akabadilisha swali. Akawa anashika kitu upande wake, na wewe umtajie rangi.

Mimi niliitwa mara nyingi, kwa sababu nyumba yetu iko nyuma ya ukuta huu. Niko kwenye mbuzi nakuna nazi, nasikia, "Mama Salsabil, njoo uniazime jicho." Natoka na machicha mikononi, nainama. Chuma chanukia mafuta ya taa, na ni baridi kwenye nyusi. Kule mwisho kuna kiduara, na ndani ya kiduara kuna rangi.

"Nyekundu," nasema.

"Nyekundu gani?"

"Ya pilipili."

"Haya, rudi kwa nazi yako."

Siku moja kilikuwa kipande cha kanga yangu niliyokuwa nikiitafuta nyumba nzima. Nikamwambia, "Naona kanga yangu, na nyuma yake namwona mwizi."

Basi, ndugu zangu, bloku ile pale kizibo chake cha nyuma kimeshatiwa. Amekitia marehemu mwenyewe, hilo halina ubishi, maana alama za panchi amezipanga kama mafiga, na hakuna fundi mwingine Likoni anayefanya hivyo. Lakini ni nani aliyetazama? Jalila asema si yeye, siku hizo alikuwa Changamwe akitafuta pistoni. Fundi Kimani asema si yeye, alikuwa chini ya lori. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Wifi, ulitazama wewe?"

Nilitazama. Wallahi nakumbuka. Wiki ile ile aliniita, nikainama, nikaona kijani. Lakini Fundi Kimani akaniambia kwa upole kwamba kijani kilikuwa cha injini ya lori la kokoto. Basi labda hii ilikuwa manjano? Manjano nayakumbuka pia, ilikuwa sifongo ya vyombo. Lakini sifongo ile niliinunua kabla ya Ramadhani au baada yake? Nimejaribu kuzipanga rangi hizo kama mtu anayepanga nguo, na kila nikifumba macho zinachanganyika. Naiona rangi, naviona vidole vyake vimeishika, na hapo nasahau nilikuwa nikitafuta nini.

Leo asubuhi Jalila alipitisha waya kwa mbele. Waya ukasimama kabla ya pale alipotarajia. Wakapuliza upepo wa kompresa, ukatoka kwenye matundu yote, ila kwenye moja ulitoka kwa unyonge. Mmoja akasema unatosha, mwingine akasema hautoshi, na chai yetu ikapoa.

"Hiyo waya imefika kwa kizibo," akasema Fundi Kimani. "Huyu mzee alikuwa anazamisha vizibo sana. Wewe unajua."

"Azamishe mpaka wapi, mpaka Kwale?" akajibu Jalila.

"Hii ndio kitu ya mwisho alishika na mkono yake. Tuiwache, tafadhali."

"Kaka Kimani, mimi amenibeba mgongoni yule. Nampenda kuliko unavyodhani. Lakini sijasikia mtu akitaja rangi."

Machozi yakawalenga wote wawili. Kisha wakaniambia, neno nitakalolisema mimi ndilo watakalolifuata.

Sasa nifanyeje, Mheshimiwa? Nikisema kitolewe, je, nimetangaza mbele ya wateja wake kwamba mume wangu alikosea? Nikisema kiachwe, nitamtazama vipi Bi Pascalia siku gari likikwama? Huenda aliniita na nikamtajia rangi sawasawa. Huenda hakumwita mtu, kifua kilikuwa kimeshaanza kumuuma na alitaka amalize. Sijui. Katika eda nimegundua kwamba mtu akifa, maswali makubwa watu hukusaidia kuyajibu. Hata usiowajua huja wakakujibia. Madogo ndiyo hubaki. Ufunguo wa kabati aliuweka wapi? Yule mjomba wa Kinango jina lake nani? Rangi ilikuwa gani? Na hakuna wa kuulizwa.

Nimefikiri tangu asubuhi, na nimefikiri tena hapa nikizungumza nanyi. Nasema kitolewe. Msidhani nimekumbuka. Sijakumbuka, na kwa kuwa sijakumbuka, siwezi kumpakia mke wa mtu na mtoto wake juu ya kumbukumbu yangu.

Mheshimiwa, utatuwia radhi, ile nyundo uliyoandaliwa naomba aishike kwanza Jalila, akisukume nje kizibo cha nyuma kwa ufito wa chuma kutokea mbele. Kikitoka na kitambaa, au kikitoka peke yake, naomba asiwepo wa kunong'ona. Na chenyewe kikishatoka msiniletee. Nina mashati yake, nina viatu vyake mlangoni, vyanitosha.

Kisha njia itazamwe, lakini nisitazame mimi. Asitazame Jalila wala Fundi Kimani. Sisi tuliompenda, leo tutaona mwangaza hata kama haupo. Bwana Ahmad mwenye bekari, nakuona kule nyuma umejibanza. Wewe na marehemu mlinuniana kwa sababu ya breki, hata msikitini mkipeana mikono mlitazama pembeni, na leo umekuja, Mungu akulipe. Njoo mbele, tafadhali. Naomba utazame wewe. Usinionee huruma, wala usimwonee haya Mheshimiwa. Kama huoni, sema huoni.

Wapishi, funikeni pilau, itangoja kidogo. Nawashukuru Ustadhi, Mheshimiwa na nyote mliokuja. Nimewachosha kwa maneno yasiyonyooka, nanyi mmenisikiliza mpaka mwisho, asanteni sana.

Jalila, wifi yangu, piga.